Mgeni Apewe Jembe, Asikabidhiwe Malezi



Tunataka kuzungumza nanyi waziwazi juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa shukrani tu, na kwa sababu hiyo halichunguzwi. Ni habari ya kambi za uongozi kwa wasichana, zile zinazoendeshwa na vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Vijana hao huja kwa majuma machache, huwakusanya mabinti zetu, huwafundisha kujiamini, kusema mbele ya watu na kupanga malengo ya maisha, kisha huaga na kurudi kwao. Wapo viongozi wetu ambao wakisikia habari ya kambi ya namna hiyo huuliza swali moja tu: "Na sisi tutawapata lini?" Sisi tunasema kwamba swali hilo limewekwa kichwa chini miguu juu. Swali la haki ni hili: wasichana wa Mbebe, wa Ileje nzima, na wa Mkoa wote wa Songwe, wana nani siku ambayo mgeni hayupo?

HALI ILIVYO KWETU

Tuanze na ukweli, hata kama unatuaibisha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kwa nchi nzima, wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Kwa Songwe idadi hiyo ilikuwa 45 katika kila 100. Hakuna mkoa mwingine uliotuzidi. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na kabla haujatimiza miaka kumi ukawa wa kwanza nchini kwa jambo ambalo hakuna mzazi anayetaka kuwa wa kwanza.

Sababu zake hazijafichika. Upande mmoja tuna Tunduma, mlango wa kwenda Zambia, mji wa malori, wa fedha za haraka na wa vyumba vya kulala wageni. Upande mwingine tuna mto Songwe na mpaka wa Malawi. Katikati wapo mabinti wa vijijini ambao, wakimaliza darasa la saba au wakikatishwa masomo, huchukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani au kuuza chakula. Wale wanaobaki shuleni nao wana mtihani wao. Mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari za umma hadi kidato cha nne, nalo ni jambo jema sana. Lakini kuondoa ada hakukuondoa umbali. Pale ambapo hakuna bweni, binti wa miaka 14 hupangishiwa chumba karibu na shule, hujipikia mwenyewe, hulala peke yake nyuma ya mlango wa komeo moja, naye mzazi humtembelea akipata nafasi baada ya mavuno. Binti huyo anapopungukiwa unga, nani hujua kwanza? Mara nyingi anayejua kwanza ni yule mwanamume mwenye pikipiki au mwenye duka.

KAMBI HIZI ZIMETOKA WAPI

Haki inatudai tuseme ukweli hata juu ya wale tunaowapinga. Mfano unaojulikana zaidi wa kambi za namna hii ulianza nchini Romania mwaka 1995, ukaitwa Camp GLOW, jina lenye maana ya wasichana wanaoiongoza dunia yetu. Waliouanzisha walikuwa vijana wa Peace Corps, shirika la kujitolea la Serikali ya Marekani, pamoja na walimu wa hukohuko Romania. Tangu hapo mfano huo umeenea katika nchi nyingi, zikiwamo Malawi, Uganda na Tanzania.

Peace Corps si wageni wa jana kwetu. Vijana wao wa kwanza walifika Tanganyika mwaka 1961, wakiwemo wapimaji na wanajiolojia. Waliondoka mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Wengi wao wamekaa vijijini kwa miaka miwili, wamejifunza Kiswahili, wamefundisha hisabati na sayansi pale ambapo hapakuwa na mwalimu. Hatutawatukana watu wa namna hiyo. Nasi tunaomba msomaji ashike neno moja katika historia hiyo: kule Romania kambi ya kwanza iliandaliwa pamoja na walimu wa mahali pale. Tunapoiga, sisi tumezoea kumchukua mgeni na kumwacha mwalimu.

Ipo pia aina ya pili, tena iliyo mbali na hiyo ya kwanza. Yapo makampuni ya Ulaya na Marekani yanayouza safari za kujitolea kama vile wengine wanavyouza safari za kwenda Serengeti. Kijana hulipa fedha, hupelekwa katika nchi maskini kwa majuma mawili au matatu, hucheza na watoto, hupiga picha, hurudi nyumbani na cheti. Nauli ya ndege peke yake, kutoka Marekani hadi Dar es Salaam na kurudi, kwa kawaida hupita dola 1,000. Kila mmoja wenu apige hesabu mwenyewe fedha hiyo ingenunua vitanda na magodoro mangapi ya bweni la wasichana.

HOJA ZETU NNE

Kwanza, tuitazame kalenda, kwa maana kalenda haisemi uongo. Kambi hizi huitwa za kiangazi. Ni kiangazi cha nani? Vyuo vya Ulaya na Marekani hufungwa kuanzia Mei au Juni hadi Agosti au Septemba, na huo ndio wakati vijana wao wanapopata nafasi ya kusafiri. Kwetu Nyanda za Juu Kusini huo ni msimu wa baridi na wa kuvuna mahindi, na mwezi Julai shule zetu hufunguliwa. Kambi inayopangwa kwa kufuata likizo ya mgeni humtoa binti darasani au shambani ili mgeni apate wa kumfundisha. Ukitaka kujua karamu imeandaliwa kwa ajili ya nani, angalia saa ya kula imepangwa na nani.

Pili, anayekuja kwa hiari ya mwingine huondoka kwa hiari ya mwingine. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Peace Corps iliwaondoa vijana wake wote duniani, karibu 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hatuwalaumu; kila mama huwaita wanawe nyumbani siku ya hatari. Lakini mwezi huohuo wa Machi shule zetu zilifungwa, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi mwishoni mwa Juni. Hapo ndipo mabinti walipohitaji mtu mzima wa kuwaangalia kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo mgeni alipokuwa hayupo. Tena, mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Miradi iliyokuwa imezoeleka kama mvua za Novemba ilikatika kwa saini moja iliyotiwa mbali sana na Ileje. Mtegemea cha nduguye hufa maskini: wazee walisema hivyo kabla ya USAID kuzaliwa.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: somo lenyewe limeelekezwa kwa mtu asiye na kosa. Katika kambi binti hufundishwa kusema hapana. Ni vema ajue. Lakini aliye na nguvu ya kusema ndiyo au hapana katika vijiji vyetu ni nani? Ni baba anayepokea ng'ombe au fedha ili kesi imalizwe nyumbani. Ni shahidi asiyefika mahakamani kwa kuwa mtuhumiwa ni shemeji yake. Ni mzee wa kanisa anayejua na kunyamaza. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inamtishia kifungo cha miaka 30 mtu anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Sheria hiyo haikosi makali, inakosa mashahidi. Sasa, kumchukua msichana wa miaka 15, kumpa kalamu za rangi na kumwambia kwamba maisha yake yamo mikononi mwake, wakati watu wazima wote waliomzunguka wameachwa nje ya kambi bila kuulizwa neno, huko ni kumtwika mtoto mzigo wa kijiji kizima. Na akianguka, tutasema: "Mbona alifundishwa?"

Nne, ulinzi. Hakuna jumuiya yetu inayoweza kumpa kijana wa kijiji cha jirani, asiyejulikana, watoto wetu wa kike 40 alale nao kambini kwa siku saba. Tungeuliza ni mwana wa nani, parokia yake ni ipi, paroko wake anasemaje. Lakini akitoka ng'ambo, maswali yote hufa. Tunampa watoto, tunampa na ruhusa ya kuwapiga picha na kuzitawanya duniani. Dunia yenyewe imekwisha kuamka. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mtoto, lilitaja madhara yanayoweza kuwapata watoto kutokana na utalii wa kujitolea katika vituo vya yatima, likazitaka serikali zichukue hatua. Kambi si kituo cha yatima, lakini mlango ni uleule: mtu mzima asiyechunguzwa, mtoto asiye na mzazi karibu. Kanisa nalo limejifunza jambo hili kwa uchungu na kwa aibu, na mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa sheria ya kuwalazimisha wakleri na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji. Kama tunawachunguza mapadre, na ni haki tuchunguzwe, je, mpita njia asichunguzwe?

WATAKAOTUPINGA

Wapo watakaosema: "Ninyi mnawafukuza wageni, na kwetu mgeni ni baraka." La hasha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizo mbili hazigombani. Mgeni anayeshika jembe hulima shamba ambalo mwenyeji amelipima, kwa mstari ambao mwenyeji ameuchora. Kijana wa Ulaya au Marekani anayekuja kufundisha kompyuta, hisabati au Kiingereza katika kambi iliyopangwa na akina mama wa parokia, chini ya uongozi wao, huyo tutampikia ugali na kumwombea baraka. Tunachokataa ni kumkabidhi malezi.

Wengine watasema: "Sisi hatuna watu wenye ujuzi." Je, ni kweli? Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, walitimiza miaka 50 mwaka 2022, na maelfu yao walikusanyika Dar es Salaam kumshukuru Mungu. Ni chama gani cha kigeni chenye mizizi katika kila kigango kama hicho? Tuna walimu wa kike, wauguzi, masista, makatekista. Tuna Utoto Mtakatifu, TYCS na VIWAWA. Chama cha Girl Guides kimekuwapo nchini tangu enzi za ukoloni, na kambi kwao si jambo geni. Shirika la CAMFED, lililoanza kufanya kazi Tanzania mwaka 2005, limeonyesha njia nyingine: wasichana waliosaidiwa kusoma hurudi kujitolea katika shule za maeneo yao, wakiwaongoza wadogo zao, na kwa kazi hiyo huweza kupata mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara. Fedha za shirika hilo hutoka nje kwa sehemu kubwa, hilo hatulifichi. Lakini anayesimama mbele ya binti ni dada yake wa kata ileile, ambaye kesho atakutana naye kisimani na sokoni.

Na kama ni uongozi, tazameni alikotoka yule aliyeitikisa sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana alitakiwa afikishe miaka 18. Hakwenda mgeni mahakamani. Alikwenda Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana Mtanzania. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimpa haki, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali na kuthibitisha kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Huo ndio uongozi: mtu wa nyumbani, lugha ya nyumbani, sheria ya nyumbani, ushindi wa nyumbani.

LAWAMA YETU SISI WENYEWE KANISANI

Tusiwanyoshee wengine kidole tukasahau vitatu vinavyotugeukia. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata mimba asirudi shuleni. Mwezi Novemba 2021 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliufungua mlango huo tena. Mlango umefunguliwa, ni nani anayemshika binti mkono ili apite? Akirudi darasani, mtoto wake anashikwa na nani? Ni mara ngapi katika vigango vyetu binti aliyepata mimba ameondolewa kwaya mbele ya watu, huku mwanamume aliyempa mimba akiendelea kupiga kinanda Jumapili iliyofuata? Kambi ya mgeni haiwezi kutibu unafiki wa mwenyeji.

Tumkumbuke binti Yairo. Alikuwa na umri wa miaka 12, rika la wasichana wetu wa darasa la sita na la saba. Injili ya Marko inatueleza kwamba Bwana aliwatoa nje watu waliokuwa wakipiga kelele, akaingia pamoja na baba na mama wa mtoto na wanafunzi wachache, akamshika binti mkono, naye akasimama. Kisha akaagiza jambo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: binti apewe chakula. Bwana hakuondoka na binti. Alimrudisha kwa wazazi wake, akawaachia wajibu wa siku ileile. Yeyote anayetaka kumwinua binti, awe mgeni au mwenyeji, afuate utaratibu huo: kelele nje, wazazi ndani, na chakula baada ya muujiza.

TUNACHODAI

Kwa hiyo, kwa parokia zetu zote, na kwa namna ya pekee kwa vigango vya Mbebe na Ileje, tunadai mambo matano.

1. Kila parokia iwe na kambi yake ya wasichana katika likizo ya Juni au ya Desemba, ikiongozwa na WAWATA, masista na walimu wa kike wa mahali. Chakula kitoke katika jumuiya: debe la mahindi, maharage, kuni. Tunachanga kwa harusi. Tuchange na kwa hili.

2. Siku moja ya kambi iwe ya akina baba, wazee wa kijiji na waendesha pikipiki. Wafundishwe sheria, nao waahidi mbele ya watu kwamba hawatamaliza kesi za watoto nyumbani.

3. Kila binti anayepanga chumba karibu na shule apewe mama mmoja wa jumuiya iliyo jirani, amtembelee kila juma na kujua kama ana unga, sabuni na taulo za hedhi. Kujitolea huku hakuhitaji pasi ya kusafiria.

4. Mgeni yeyote anayetaka kujitolea alete barua ya utambulisho na cheti cha polisi wa kwao, akubali kufanya kazi chini ya kamati ya mahali, asilale na watoto, wala asipige picha ya mtoto bila idhini ya mzazi. Asiyekubali, tumpe chai na tumsindikize salama.

5. Mgeni akiuliza, "Niwasaidie nini?", asiambiwe, "Chochote." Aambiwe, "Bweni." Bweni halisafiri mwezi wa Agosti.

Ndugu waamini, wasichana 45 katika kila 100 si wana wa Serikali, wala si wana wa shirika fulani. Walibatizwa mikononi mwetu, majina yao yamo katika vitabu vya parokia zetu. Kijana aliyevuka bahari kuja kukaa nao juma moja amefanya alichoweza. Wewe unayekaa nyumba tatu kutoka kwao umefanya nini?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

Katika jumuiya yetu, ni wasichana wangapi wanaosoma sekondari, na wangapi kati yao wanalala nje ya nyumba za wazazi wao? Tuwataje.

Je, katika miaka mitatu iliyopita ipo kesi ya mimba ya mwanafunzi iliyomalizwa nyumbani hapa kwetu? Ni nani walikaa kikao hicho?

Ni mama yupi kati yetu atakayeanza kumtembelea binti mmoja juma hili, na ni baba yupi atakayetoa debe la kwanza la mahindi?